Kizuri Chajiuza? Historia Fupi ya Kutangaza Programu za Kuuzwa katika Vikundi vya Watengenezaji wa Programu

Utangulizi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha wanafunzi wa kompyuta hapa Bujumbura, methali hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na mmoja wa wasimamizi wa kikundi nilikuwa mimi. Mwaka jana mwenzetu anayeishi Buyenzi alituma ujumbe kwamba ameandika kipande cha msimbo kinachowasaidia watengenezaji wa programu za maduka kuchapisha risiti kwa mashine ndogo za mkononi. Alitaja bei, faranga elfu ishirini, akaweka namba yake ya simu. Tulimwondoa kikundini jioni ile ile kwa kosa la kuleta biashara.

Kipindi hicho hicho mwanachama mwingine alikuwa akisifu kila wiki huduma moja ya kigeni ya kuhifadhi na kuendesha kazi zetu mtandaoni. Hakutaja bei, kwa hiyo hatukuona tangazo, na wengi tulimshukuru. Miezi michache baadaye muda wa majaribio uliisha. Huduma ilidai dola, tena kwa kadi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Wenzetu watatu walifungiwa kazi zao za mwisho wa masomo, zikiwa zimebaki wiki mbili wazitetee mbele ya walimu. Hapo ndipo tulipojua kwamba yule msifiaji alikuwa akilipwa kwa kila mtu aliyejiandikisha kupitia kiungo chake.

Insha hii inauliza kwa nini tulimfukuza wa kwanza tukamshukuru wa pili. Kwa kupitia historia ya matangazo ya programu katika vikundi vya wenye fani hii, nitaonyesha kwamba ugomvi haukuwa juu ya kuuza kwenyewe. Ulikuwa juu ya maswali mawili: nani anabeba gharama ya tangazo, na je, msemaji ameonyesha anayemlipa?

Kabla ya mtandao wa leo

Tangazo la kwanza la kibiashara linalotajwa sana katika historia ya mitandao ya kompyuta lilitumwa mwezi Mei 1978. Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwaandikia watumiaji karibu 400 wa ARPANET akiwaalika waje kuona mashine mpya za kampuni yake. ARPANET ilikuwa mtandao wa utafiti uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Malalamiko yalikuja haraka, na wasimamizi wa mtandao wakamkemea. Tuangalie lakini walilalamikia nini. Thuerk hakuficha jina lake wala la kampuni. Kosa lake lilikuwa kutumia njia iliyolipiwa na umma, na kuwajazia watu masanduku yao ya barua bila kuombwa.

Nje ya mitandao, watengenezaji wa programu walikuwa na vilabu. Homebrew Computer Club ilianza kukutana California mwezi Machi 1975, na desturi yake ilikuwa kugawana: michoro, vipuri, na pia programu. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba programu ya BASIC ya kampuni yake inanakiliwa bila kulipiwa. Barua hiyo ilichapishwa katika jarida la klabu hiyo. Kwa mara ya kwanza wengi waliambiwa waziwazi kwamba msimbo ni bidhaa kama kiatu. Baadhi walikasirika. Lakini swali alilouliza, yaani mtengenezaji atakula nini, halijafutika mpaka leo, na mwenzetu wa Buyenzi angeweza kuliuliza vile vile.

Kampuni zilikuwa na pahali pa kujitangaza. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilinunua ukurasa katika jarida la BYTE kutangaza Turbo Pascal kwa dola 49.95, wakati zana za namna hiyo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Bei iliandikwa wazi, na programu ikanunuliwa sana. Wasio na fedha za ukurasa walitafuta njia nyingine. Mwaka 1982 Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja na programu yake, walianza kugawa nakala na kumwomba aliyeridhika atume malipo kidogo. Programu zao zilisafiri kwa diski kutoka mkono hadi mkono na kupitia vilabu. Kwa watu hao kikundi ndicho kilichokuwa soko pekee. Hilo tulikumbuke, kwa sababu kanuni inayopiga marufuku matangazo yote haimgusi mwenye ukurasa wa jarida. Inamgusa asiye nao.

Usenet na kanuni zake

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao wa vikundi vya majadiliano uliosambaza ujumbe kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa njia ya simu. Humo Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds akatangaza mwaka 1991 mfumo ambao baadaye uliitwa Linux. Haya nayo yalikuwa matangazo, ingawa hayakuwa ya kuuza. Yalipokewa vizuri kwa sababu watangazaji walisema wao ni nani, wanafanya nini, na walibaki kujibu maswali.

Je, ya kuuza yalikatazwa? Hapana, yalitengewa mahali. Baada ya vikundi kupangwa upya mwaka 1986 na 1987, kulikuwa na comp.newprod, kikundi cha kutangazia bidhaa mpya, chenye msimamizi aliyepitia kila ujumbe kabla haujatoka. Palikuwepo pia kundi zima la biz kwa mambo ya biashara. Aliyetaka habari za bidhaa alikwenda huko kwa hiari yake. Sababu ilikuwa ya kifedha kabla ya kuwa ya adabu: kila taasisi iliyopokea ujumbe ililipa simu na nafasi ya diski. Aidha, mtandao wa NSFNET, uliobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya vyuo vya Marekani, haukuruhusu matumizi ya kibiashara tupu mpaka ulipofungwa Aprili 1995.

Utaratibu huo ulivunjwa tarehe 12 Aprili 1994. Mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walitumia programu ndogo kutuma tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya Usenet, vikiwemo vya lugha za programu. Tangazo lilihusu bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile ile ambayo vijana wa Bujumbura walikuwa wakipanga foleni kuijaza katika vibanda vya kompyuta. Mawakili walitoza ada kwa kumsaidia mtu kuingia bahati nasibu ambayo angeweza kuiingia mwenyewe. Majibu ya hasira yalikuwa mengi kiasi kwamba kampuni iliyowapa mtandao ilizidiwa na kuwafungia. Tangu hapo wengi waliliona kila tangazo kuwa takataka, na ile tofauti nzuri ya zamani kati ya tangazo lililowekwa mahali pake na lililotupwa kila mahali ikaanza kusahaulika.

Kwetu Afrika Mashariki

Wakati ugomvi huo ukitokea, kwetu barua pepe ilikuwa bado ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya taasisi za Nairobi na Kampala zilitumia FidoNet, ambapo kompyuta zilipigiana simu na kubadilishana mafungu ya barua, nyingine zikipitia GreenNet mjini London. Kila mstari ulilipiwa kwa bei ya simu ya kimataifa. Mtu wa Kampala aliyepokea tangazo asilolihitaji alikuwa amelinunua kwa fedha zake.

Gharama zilianza kushuka baada ya nyaya za baharini kufika pwani yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Burundi haina bahari, hivyo tunaunganishwa kwa nyaya zinazopita kwa majirani. Mwaka 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi kama mahali pa kukutania wenye fani, na mwaka huo huo, katika mji huo huo, ikaanzishwa Africa's Talking, kampuni inayowauzia watengenezaji wa programu njia ya kutuma ujumbe mfupi na kutumia menyu za simu ndani ya programu zao. Hii ni zana ya kibiashara kwa maana kamili. Ilijitangaza kwa kukutana na watengenezaji wenyewe, katika mikutano na hakathoni, vyuoni na kwingineko. Mwanafunzi aliweza kujaribu huduma kwa simu ya kuigiza kabla ya kulipa, na aliyekuja kutangaza alikuja kwa jina la kampuni yake. Huko kilichouzwa kilikuwa kizuri, na bado kilitembezwa. Methali yetu ina wajibu wa kuvumilia mfano huu.

Hata hivyo mfano huo una upande wa pili. Kampuni inayoweza kulipia ukumbi, nauli na chakula haihitaji ruhusa ya msimamizi wa kikundi cha WhatsApp. Kijana mwenye kompyuta moja ya mitumba anaihitaji.

Marufuku yetu na matokeo yake

Sasa nirudi Bujumbura. Sheria yetu ya kutokuwa na matangazo ilikuwa na sababu. Megabaiti tunanunua kwa siku au kwa wiki, na video ya kutangaza bidhaa inakula kifurushi cha mtu kabla hajaifungua, kama simu yake inapakua yenyewe. Katika hili tunafanana kabisa na wale wa Usenet na FidoNet: anayepokea ndiye anayelipa.

Lakini sheria ilitazama umbo la ujumbe na kusahau kazi yake. Ujumbe wa mwenzetu wa Buyenzi ulikuwa mistari minne ya maandishi, wenye jina, bei na simu. Tangazo la pili lilikuja katika umbo la ushauri wa rafiki, mara nyingi, kwa wiki nyingi. Kwa swali la gharama, la pili lilitugharimu zaidi. Kwa swali la anayelipa, la kwanza lilijibu na la pili lilificha. Historia niliyoieleza ingetuonya, kwa sababu wenye fani walishakutana na jambo hili. Stack Overflow, iliyoanza mwaka 2008 na kuwa mahali maarufu pa kuuliza maswali ya msimbo, haimkatazi mtu kutaja bidhaa yake inapojibu swali lililoulizwa. Inamtaka aseme wazi kwamba ni yake.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukifungua mlango kidogo watajaa wachuuzi. Pingamizi hilo lina uzito, na mwaka 1994 ni ushahidi wake. Lakini Canter na Siegel hawakuingia kwa mlango uliofunguliwa kidogo. Mahali pa matangazo palikuwepo, wao wakapaacha. Tena marufuku yetu haikuwazuia wachuuzi. Iliwafundisha tu kuficha bei.

Kuna hoja nyingine inayotuhusu sisi zaidi ya watu wa California. Zana nyingi tunazosifiana hulipiwa kwa dola, na dola hapa ni adimu. Zana ya mwenzetu ililipiwa kwa faranga, kwa simu, na mwenye nayo unaweza kumkuta Buyenzi ukamwuliza kwa Kiswahili kwa nini risiti imetoka nusu. Tulipomwondoa tulijinyima zana ya pekee ambayo tungeweza kuinunua.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tangu 1978 vikundi vya watengenezaji wa programu havikuwa adui wa biashara. Vilikataa kulipishwa gharama za tangazo la mtu mwingine, na vilikataa kudanganywa kuhusu nani anasema. Palipokuwa na mahali maalumu na jina la wazi, tangazo lilikubalika, na mara nyingine lilisaidia.

Wenzetu watatu walilazimika kuandika upya sehemu ya kazi zao. Wawili walizitetea kwa wakati, mmoja anasubiri kikao kijacho. Baada ya hapo tulibadili kanuni za kikundi. Tangazo linaruhusiwa Jumamosi, kwa maandishi tu, likiwa na jina la mwenyewe, bei, na maelezo ya kile kitakachotokea muda wa majaribio ukiisha. Anayelipwa kusifu kitu anatakiwa kusema. Nilikwenda Buyenzi kumwomba mwenzetu radhi na kumrudisha kikundini. Amerudi, lakini mpaka ninapoandika haya hajatangaza tena chochote, na simlaumu. Katika kazi ya muhula huu nimetumia kipande chake cha msimbo, nimekilipia faranga elfu ishirini, na risiti zinatoka.