Meza za Warwick, Ardhi ya Wengine

Jua la Durban halijachomoza, na tayari magari ya mboga yameshafika Soko la Alfajiri, Warwick Junction. Treni, mabasi na teksi za abiria hupitisha hapo watu wanaokadiriwa kuwa 460,000 kwa siku, na maelfu ya wachuuzi hula kwa nyayo zao. Soko hilo lilianza mwaka 1910. Muungano wa Afrika Kusini nao ulizaliwa mwaka huohuo, tarehe 31 Mei. Soko na taifa ni marika.

Mboga za kwanza zililimwa na Wahindi. Kati ya 1860 na 1911, Natal, eneo ilipo Durban, ilileta zaidi ya watu 150,000 kutoka India kufanya kazi kwa mkataba, wengi kwenye mashamba ya miwa. Mkataba ukiisha, waliobaki walikodi vishamba pembezoni mwa mji wakalima na kuuza. Walowezi walitaka vibarua, washindani hawakuwataka. Sheria ya 1895 ikamtoza kodi ya pauni 3 kwa mwaka aliyemaliza mkataba akakataa kuurudia au kurudi kwao. Kwa familia maskini huo ulikuwa mzigo wa kuvunja mgongo, na ndio uliowatoa wachimba makaa na wakata miwa kazini katika mgomo mkubwa wa 1913. Kodi ilifutwa mwaka uliofuata.

Mwafrika alibanwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwatengea Waafrika, zaidi ya theluthi mbili ya wananchi, kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi. John Dube wa Ohlange, kaskazini mwa Durban, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliongoza ujumbe hadi London mwaka 1914 kuipinga. Walirudi mikono mitupu.

Waliokosa ardhi walikuja mjini. Huko Cato Manor, kilima kimoja tu kutoka Warwick, familia za Kiafrika zilijenga vibanda kwenye viwanja vya Wahindi na kuwalipa kodi. Sheria zilizowabagua wote wawili ziliandikwa na mzungu, lakini aliyegonga mlango kudai kodi kila mwezi alikuwa Mhindi. Januari 1949, ugomvi ulioanzia karibu na Soko la Wahindi uligeuka ghasia zilizoua watu 142: Waafrika 87, Wahindi 50, mzungu mmoja, na wanne wasiotambulika. Mauaji hayo yanauma zaidi ukikumbuka kwamba miaka miwili tu kabla, madaktari Xuma wa ANC, na Naicker na Dadoo, viongozi wa Wahindi, walikuwa wametia saini mapatano ya kupigania haki pamoja. Serikali ya ubaguzi nayo ilipitisha mwaka 1950 sheria ya kugawa maeneo kwa rangi, na wakazi wa Cato Manor wakaja kuhamishwa.

Uhuru wa 1994 ulibadilisha watawala wa jiji. Hata hivyo, mwaka 2009, Kombe la Dunia likikaribia, manispaa ya eThekwini, yaani ya Durban, ilipanga kulibomoa Soko la Alfajiri na kujenga duka kubwa la kisasa. Mpango huo ungepitisha biashara ya wachache juu ya meza za wengi. Safari hii wachuuzi Waafrika na Wahindi walikuwa upande mmoja. Waliandamana, wakapigwa risasi za mpira, wakaenda mahakamani. Mwaka 2011 manispaa iliufuta uamuzi wake. Ardhi imebaki mali ya manispaa, na mwenye meza bado hulipa kodi.