Kitiririshi na Tangi Lake

Televisheni za Tanzania zilipoanza kuhamia dijitali mwishoni mwa 2012, kila nyumba ilijifunza neno king'amuzi, na wenye kalamu rasmi wakaleta kisimbuzi. Mpaka leo maneno hayo mawili yanaishi pamoja, na hakuna aliyekosa kuona mpira kwa sababu hiyo. Kisanduku kingine, kile kinachochota muziki mtandaoni na kuukabidhi kwa amplifaya, bado hakijabahatika kupata jina la Kiswahili. Wauzaji wanakiita strima. Mimi nakiita kitiririshi, na sababu yangu si mapenzi ya lugha peke yake.

Sarufi haina ugomvi na neno hili. Maji huchemka, mpishi huyachemsha. Taa huwaka, mtu huiwasha. Kinachotiririka nacho kina wa kukitiririsha. Na kama chapisha ilivyozaa kichapishi, tiririsha inazaa kitiririshi, wingi wake vitiririshi. Utiririshaji umeshazoeleka magazetini, kwa hiyo msomaji hakutani na mgeni.

Swali gumu liko kwenye maana. Mtu anaweza kusema kwamba anayetiririsha ni seva iliyoko mbali, na kisanduku cha sebuleni kinapokea tu. Basi kiitwe kipokezi, yaishe. Hoja hiyo ingesimama kama muziki ungekuja kweli kama mto. Hauji hivyo. Wimbo hukatwa vipande vya data, na kisanduku ndicho kinachoomba: nipe hiki, sasa nipe kinachofuata. Vipande huja kwa mkupuo, kisha kimya, kisha mkupuo mwingine. Kimoja kikipotea njiani kinaombwa upya. Mkazi wa Dar es Salaam anaujua utaratibu huu bila kufundishwa: maji ya mgao yanakuja yanapotaka, yanajaza simtanki, na bomba la jikoni linatoa sawasawa saa yoyote. Simtanki ya kitiririshi ni sehemu ya kumbukumbu iitwayo bufa. Ikikauka, muziki unakatika na kile kiduara kinaanza kuzunguka kwenye skrini.

Kutoka kwenye bufa data hutolewa kwa kufuata saa ya ndani. Kwa ubora wa CD ni sampuli 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na idadi hiyohiyo kwa ya kulia, kila sampuli ikiwa na biti 16. Zinaingia kwenye kigeuzi, ambacho hugeuza namba kuwa mawimbi ya umeme yanayoeleweka na amplifaya. Ni katika kipande hicho kifupi, baina ya bufa na kigeuzi, ambapo muziki unatiririka kwa maana halisi ya neno. Kisanduku kinapokea mafungu na kutoa mtiririko. Jina limekipata barabara, pengine kuliko linavyozipata huduma zenyewe za kutiririsha muziki.

Ukishalielewa hilo, unajua pia pesa iende wapi unapotaka kukiboresha. Waya wa mtandao wa laki tano hauongezi chochote kwenye data, maana kilichofika kwenye bufa ama ni kizima ama kimeombwa tena. Vinavyobadilisha sauti viko upande wa pili wa tangi: usahihi wa saa, kigeuzi, na sakiti za analojia zinazokifuata. Kama amplifaya yako tayari ina kigeuzi kizuri ndani, kitiririshi hakihitaji kuwa cha kifahari; kazi yake ni kutoa data safi. Chromecast Audio ya Google, iliyotoka 2015 kwa dola 35, iliweza kutoa biti 24 kwa kilohezi 96 kupitia tundu lake la optiko. Google waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2019, na wapo wanaoililia hadi leo.

Anayetumia Bluetooth kutoka kwenye simu ndiye atakayeona tofauti kubwa kuliko wote. Kwa kitiririshi muziki haupiti kwenye simu kabisa. Simu inabaki rimoti, na ujumbe ukiingia hausikiki sebule nzima.

Kuna maneno mawili ambayo wanunuzi wanayachanganya kwa hasara yao. Kusasisha ni kuingiza toleo jipya la programu, mara nyingi bure, usiku umelala. Kuboresha ni kununua. Vitiririshi vingi vinavyoonekana vimezeeka vina afya njema. Programu ndiyo iliyoachwa. Logitech iliinunua Slim Devices, watengenezaji wa vitiririshi vya Squeezebox, mwaka 2006, na kufikia 2012 ikaachana na jina hilo. Lakini programu ya seva yake ilikuwa wazi kwa yeyote kuihariri, wapenzi wakaiendeleza, na sasa inaitwa Lyrion. Visanduku vile bado vinapiga muziki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitiririshi kina kigeuzi gani, ningeuliza nani anaisasisha programu yake, na akichoka itakuwaje.

Halafu kuna bando. Saa moja ya muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 144. Ubora wa CD bila kubanwa ni zaidi ya megabaiti 600 kwa saa. Mfumo wa FLAC hupunguza mzigo huo, pengine hadi karibu nusu, bila kupoteza sampuli hata moja. Mwenye mkonga nyumbani hana la kuhofu. Anayeishi kwa bando la simu atafute kitiririshi kinachosoma pia diski iliyochomekwa nyuma yake, aijaze FLAC za CD zake mwenyewe. Hata hapo data inapita kwenye bufa na kufuata saa ileile, ila haimgharimu salio.