Kiswahili katika Historia ya Michezo ya Kompyuta ya Linux: Mtazamo kutoka Tukuyu

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ilipata lugha kabla ya mchezo. Mwaka 2013 kampuni ya Valve ilifikisha duka lake la michezo, Steam, kwenye Linux. Mwaka 2018 ikatoa Proton, iliyowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa humo. Kikwazo cha kiufundi kilipungua, cha lugha kikabaki, kwani Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za duka hilo. Mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, kijana aliyelelewa kwa Kinyakyusa na kusomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili huingia mchezoni kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Hivyo, uhuria wa programu upimwe pia kwa lugha ya mchezaji.