Boriti za Rufiji na Jumba la Majestic

Mtu wa Mahege, au wa kijiji chochote cha Kibiti na delta ya Rufiji, anapojaliwa kuvuka bahari akafika Unguja, akakaribishwa ndani ya nyumba ya kale ya Mji Mkongwe na kuinua macho kuitazama dari, huwa anautazama msitu wa kwao. Kwani zile boriti zilizopangwa moja karibu na nyingine, zikabeba mawe na chokaa ya ghorofa ya juu, sehemu kubwa yake zilikatwa katika mikoko yetu, zikahesabiwa korija kwa korija, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Unguja, na zilizosalia zikachukuliwa na mabumu ya Waarabu hadi Ghuba, nchi isiyo na miti ya kujengea. Biashara hiyo ni ya kale, na thamani yake ilijulikana hata Wajerumani wakauweka msitu wa mikoko ya delta chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka 1898. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akaingia nalo katika vijito vya Rufiji kupakia boriti, akashuhudia kwa macho yake taabu ya watu waliosimama topeni wakikata na kubeba miti ile mizito, wakisumbuliwa na mbu na wakiyavizia maji kujaa na kupwa.

Nimeanza na boriti, ilhali makusudio yangu ni kueleza habari za jumba la sinema, kwa kuwa naamini ya kwamba historia ya jumba hilo haifahamiki vyema bila ya kwanza kufahamu mti huu. Boriti ya mkoko ni ngumu, haishindwi upesi na mchwa, lakini urefu wake una kadiri yake. Na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Unguja, Lamu na mwambao wote vikawa virefu lakini vyembamba, upana wake meta 3 hivi, hata nyumba ya tajiri mkubwa ikawa na vyumba vingi lakini isiwe na chumba kimoja kipana. Palipotakiwa upana, kama msikitini, ilibidi kusimamisha nguzo safu baada ya safu. Watu wa pwani walipotaka kukutana kwa wingi, basi, walikutana nje: barazani, uwanjani, penye ngoma na penye mnada. Ama ukumbi mmoja uliofunikwa, usiokuwa na nguzo katikati, wenye kukalisha mamia ya watu wote wakielekeza nyuso zao upande mmoja, huo haukuwa katika uwezo wa mkoko. Na sinema haitaki ila ukumbi wa namna hiyo, kwa maana nguzo moja tu ikisimama katikati humnyima haki yake kila aliyekaa nyuma yake.

Ukumbi huo ulikuja Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe, mwaka 1921, ulipofunguliwa Royal Cinema Theatre. Mwenye mali alikuwa Hassanali Adamjee Jariwalla, mfanyabiashara wa Unguja, na aliyeuchora ni John Houston Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali na msanifu majengo kwa pamoja, yule yule aliyeacha athari ya mkono wake katika Mahakama Kuu ya Vuga na katika Beit al-Amani, jumba la makumbusho lenye kuba nyeupe. Sinclair aliyapenda matao na kuba, akazichanganya sanaa za Waarabu na za Wazungu, na wako waliomlaumu kwa kuitungia Unguja sura ya Mashariki isiyokuwa yake. Mimi naona lawama hiyo ina ukweli, lakini haipunguzi neno moja: kabla ya mwaka huo picha zilionyeshwa mahemani na viwanjani, zikiwa mchezo wa kupita, na baada yake zikawa na nyumba, na nyumba ile ikawa na heshima.

Heshima hiyo ilikuwa ya watu wa kila namna. Mwanahistoria Laura Fair, aliyetoa mwaka 2018 kitabu kikubwa juu ya majumba ya sinema ya miji ya Tanzania, ameonyesha jinsi sinema ilivyokuwa adabu na ada ya mji: Jumapili familia nzima zikitoka zimevaa nguo zao bora, na yakiwekwa maonyesho ya wanawake peke yao ili mke na binti wa nyumba yenye kushika sitara apate naye kuingia bila ya kuvunja heshima yake. Zilikuja picha za Misri, na ndani yake sauti za Umm Kulthum na Muhammad Abdul-Wahhab ambazo wapenzi wa taarabu walikwisha kuzijua katika sahani za santuri. Zikaja za Kihindi, na hizo ndizo zilizotawala nyoyo. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957, zilipendwa kupita kiasi na watu wasiojua Kihindi hata kidogo, ambao walitoka ukumbini wakiimba nyimbo zake, na watungaji wa taarabu wakazitwaa tuni zile na kuzivika maneno ya Kiswahili. Yafaa tulifikiri jambo hili kwa utulivu. Katika mji uliogawanywa na serikali ya kikoloni kwa kabila na kwa mtaa, huku Mji Mkongwe na kule Ng'ambo, mtu alinunua tiketi kwa kadiri ya mfuko wake, akakaa chini mbele au juu nyuma, taa zikazimwa, na kilio cha mama wa Kihindi juu ya mwanawe kikawaliza Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mswahili wakati mmoja.

Jumba la Sinclair halikudumu. Katika miaka ya 1950 moto uliliteketeza, na mahali pake, mwaka 1955, likasimama jumba jipya alilolisanifu Dayalji Pitamber Sachania, fundi wa asili ya Kihindi. Nalo ndilo hili la Majestic tulionalo leo. Sachania hakurudia matao wala kuba. Alijenga kwa mtindo uitwao Art Deco, wenye mistari iliyonyooka na pembe zilizokatwa kwa usafi, mtindo ambao huko Mumbai ulikuwa umejenga majumba mashuhuri ya sinema kama Regal mwaka 1933 na Eros mwaka 1938, na ambao huko Asmara, kwa mkono wa Wataliani, ulizaa Cinema Impero mwaka 1937. Dunia imezipa fahari mbili hizo haki zake: Asmara iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017, na majengo ya namna hiyo ya Mumbai mwaka 2018. Mji Mkongwe uliingizwa mapema zaidi, mwaka 2000, lakini mgeni aendaye kuutazama huonyeshwa milango ya nakshi na nyumba za masultani, na aghalabu hupita mbele ya Majestic bila ya kuambiwa neno, kana kwamba urithi ni ule wa karne ya 19 peke yake. Hapo ndipo nisipokubaliana na waongozaji wa watalii. Mlango wa nakshi ulifungwa usoni mwa wengi. Mlango wa Majestic ulifunguliwa kwa kila mwenye thamani ya tiketi.

Msomaji wa huku kwetu ataniuliza, sisi wa mashambani tulikuwa na hisa gani katika fahari hiyo? Jumba hatukuwa nalo. Sinema ilitujia kwa gari. Mwanzo wa mambo hayo katika Tanganyika ni ule mradi wa majaribio uliokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ambao ulipiga picha za kilimo, afya na maisha ya vijijini kwa kuwatumia Waafrika wenyewe kama wachezaji, kisha ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya hapo magari ya sinema ya serikali, ya wakoloni na kisha ya Uhuru, yakawa desturi ya nchi. Gari husimama kiwanjani kabla ya magharibi. Kipaza sauti hutangaza. Shuka jeupe hutandazwa kati ya miti miwili. Jenereta huwekwa mbali kidogo ili mngurumo wake usiyafunike maneno. Watoto hukaa chini mbele, wazee hupewa viti, na waliochelewa huenda upande wa pili wa shuka, wakatazama picha kinyumenyume na wakaridhika nayo. Kufika Rufiji halikuwa jambo jepesi, kwani mvua ikinyesha barabara ilikatika, na mto ulivukwa kwa kivuko mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Na mafuriko ya mwaka 1968, yaliyofuatwa na Operesheni Rufiji, yaliwahamisha watu wengi kutoka bondeni wakaanzishiwa vijiji vipya ambamo ilibidi kila kitu cha jamii kijengwe tena, hata uwanja wa kutazamia sinema.

Kwa hiyo kipindi ambacho Majestic ilikuwa ikipoteza watu wake, sisi hatukukiona. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba ya sinema ya Unguja, Majestic na wenzake kama Empire na Sultana, yalitwaliwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikaanzisha televisheni ya rangi, jambo ambalo Tanzania Bara ilikuja kulipata katika miaka ya 1990. Ikaja video, na mtu akaweza kumtazama Raj Kapoor sebuleni kwake, mlango umefungwa. Picha mpya zikawa adimu kwa uhaba wa fedha za kigeni, mashine zikachakaa, viti vikavunjika. Hakuna aliyeamua siku moja kuliua jumba. Lilikufa kwa kuahirishwa matengenezo mwaka hadi mwaka, na mwisho paa la ukumbi likaporomoka, yakabaki kuta na uso wa mbele, na mvua za masika zikawa zinanyesha pale walipokuwa wakikaa watu.

Kazi ya kulifufua imeshikwa na jumuiya ya Hifadhi Zanzibar, pamoja na washirika wake katika sanaa na usanifu, kwa nia ya kulirejesha liwe jumba la sinema na la utamaduni. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni kupaka rangi na kuezeka. Nyumba ya mawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka, na adui yake mkubwa ni saruji, ambayo huufungia unyevu ndani mpaka ukuta ukaoza. Majestic maradhi yake ni mengine, kwani ni jengo la zege, na zege la miaka ya 1950 lina nondo ndani yake. Hewa ya chumvi ikipenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hulipasua zege kutoka ndani. Fundi mwenye pupa akipiga plasta juu ya ufa wa namna hiyo huwa amefunika donda lenye usaha. Hapana budi zege bovu libanduliwe, nondo zisuguliwe au zibadilishwe, na ndipo pajazwe upya. Kazi ya polepole, ya gharama, isiyopendeza kupigwa picha. Na anayesema kuwa inaweza kungoja, na aukumbuke msiba wa tarehe 25 Desemba 2020, ilipoanguka sehemu kubwa ya Nyumba ya Maajabu, kasri iliyojengwa mwaka 1883, wakafa watu wawili waliokuwa kazini kuitengeneza.

Liko swali kubwa zaidi ya zege, nalo ni hili: jumba likishatengenezwa litakuwa la nani? Majengo mengi ya fahari ya Mji Mkongwe yameokolewa kwa kugeuzwa hoteli, na sikatai kuwa hoteli hulipa gharama za paa lake; lakini kilichokuwa na thamani Vuga ni ule ukumbi na haki ya kila mtu kuuingia, wala si uso wa mbele pekee. Ukiuhifadhi uso ukaugawa ukumbi kuwa vyumba vya kulala, umevirudisha vile vyumba vyembamba vya boriti ambavyo Jariwalla na Sinclair walivikimbia mwaka 1921. Haja ya kutazama pamoja haikufa. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likiwakusanya watu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, na huku kwetu vijana wanajazana katika vibanda umiza, juu ya mabenchi, mbele ya televisheni moja, wakimsikiliza mtu anayezifasiri picha za kigeni kwa Kiswahili, kazi ambayo Lufufu wa Dar es Salaam aliipatia jina.

Nawaomba basi wanaolishughulikia jumba hili mambo mawili. Kwanza, ukumbi ubaki ukumbi, na tiketi yake iwe ya bei ambayo mtoto wa Ng'ambo na mgeni aliyeshuka botini kutoka bara wataimudu. Pili, katika maelezo yatakayowekwa pale mlangoni pa Majestic, patajwe pia delta ya Rufiji na wakataji wake wa boriti, ambao mji ule ulisimama juu ya mabega yao. Nanyi wazee wa Mahege, Nyamisati na Salale, na jamaa zetu mlioko Unguja, mwenye kipande cha tiketi, tangazo la picha, au picha aliyopigwa mbele ya jumba lile amevaa nguo zake za Jumapili, asikiache kiliwe na mchwa. Akipeleke Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, kikahifadhiwe.