Kidonge: Mkupuo na Mfululizo

Kama ulisoma shule Pemba, huenda uliwahi kusimamishwa mbele ya ufito wenye alama. Hukutiwa kwenye mizani. Mwalimu alitazama kichwa chako kimefika alama ipi, akahesabu vidonge vya kichocho, akakupa na maji. Vidonge vikubwa, tena vichungu. Leo tuulize jambo moja: mwalimu yule alijuaje kwamba kila kidonge kina dawa sawasawa?

Kazi hiyo kisiwani ilianza mwaka 1986, Serikali ya Zanzibar ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Waitalia. Wanafunzi walipimwa mkojo kwa kikaratasi kinachogeuka rangi penye damu. Aliyeonekana nayo alipewa prazikwanteli, dawa iliyopatikana Ujerumani katika miaka ya 1970. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Basi mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge 2 vya miligramu 600. Ufito, uliokuja baadaye, umetengenezwa kwa hesabu hiyo. Kidonge kikiwa na nusu ya dawa, ufito unasema uongo na minyoo inabaki.

Kidonge cha kushindiliwa si cha kale sana. Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon, ambaye alikuwa mchoraji picha, alipata hati ya kushindilia unga ndani ya kalibu. Wala hakufikiria dawa peke yake. Alitaka pia unga wa kalamu za risasi usipotee bure!

Viwanda vilipokua, kazi ikawa ya mikupuo. Unga huchanganywa katika pipa, hungojwa, hupimwa. Kisha huloanishwa, hukaushwa, hushindiliwa, na kila hatua ina kungoja kwake. Wewe mwenye karafuu wafahamu: zisipokauka, huanui. Na ikigunduliwa mwishoni kwamba mchanganyiko ulikosewa, mkupuo mzima huweza kutupwa.

Njia ya mfululizo ni nyingine. Unga waingia upande mmoja bila kukatika, kama maji ya mfereji, na vidonge vyatoka upande wa pili. Mwanga humulika unga unaopita, na namna unavyorudi huonyesha kiasi cha dawa kilichomo. Sehemu iliyokosewa hutolewa kando, nyingine ikaendelea. Ugumu uko mwanzoni: unga wa dawa hushikamana, na mashine inayoulisha mtambo ikisuasua, yote ya mbele huharibika.

Viwanda vya petroli na karatasi vilizoea mfululizo zamani. Vya dawa vilichelewa, maana kila badiliko lahitaji idhini. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha Orkambi, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaodhuru mapafu, itengenezwe hivyo. Mwaka 2016 ikakiruhusu kiwanda cha Janssen, Puerto Rico, kihamishe Prezista, dawa ya Virusi vya Ukimwi, kutoka mkupuo hadi mfululizo. Dawa iliyokwisha kuwa sokoni ilikuwa haijapata kubadilishiwa njia namna hiyo kwa idhini ya nchi ile.

Mitambo hiyo ni ghali, na kiwanda kidogo chenye dawa nyingi za kiasi kidogo huenda kikaona mikupuo yafaa zaidi. Tena wengi husifu kasi ya mfululizo. Mimi naona faida kubwa ni kule kupimwa njiani. Mwalimu wa Chake Chake hana chombo cha kuona kilichomo ndani ya kidonge. Ana ufito na kikombe cha maji.