Negativu Iliyokatwa: Dhidi ya Kufutwa kwa Matoleo ya Awali ya Filamu

Kila filamu kongwe inaporudishwa kwenye majumba ya sinema kuadhimisha umri wake, huja na utetezi uleule: aliyeitunga ana haki ya kuikamilisha, hata kama watazamaji walikwisha kuipokea kama kazi iliyotimia. George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, ameushikilia utetezi huo kwa miongo kadhaa, na wahakiki wanaomwona mwongozaji kuwa ndiye mtunzi pekee wa filamu humuunga mkono. Nakubali kwamba haki hiyo ipo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ambayo kwa kawaida hupitishwa bila kujadiliwa, kwamba haki ya kutunga toleo jipya inabeba ndani yake haki ya kuliondoa la zamani.

Juu ya ukarabati hapana ubishi. Kuondoa mikwaruzo, kurudisha rangi zilizofifia, kutafuta vipande vilivyopunguzwa, kama mkarabati Robert Harris alivyoifanyia filamu ya Lawrence of Arabia mwaka 1989, ni kazi inayoungwa mkono na pande zote. Ubishi huanza pale ukarabati unapogeuzwa mlango wa kuingizia mapya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Star Wars. Filamu hiyo ilitoka Mei 1977. Ilipoandaliwa kwa maadhimisho ya miaka 20, negativu yake, yaani ukanda wa asili unaotokezwa nakala, ilikutwa imechakaa na rangi za baadhi ya vipande zimefifia vibaya. Ukarabati ulikuwa wa lazima. Lakini toleo lililofika sinema Januari 1997 lilikuwa na viumbe na majengo yaliyochorwa kwa kompyuta, onyesho la jambazi Jabba lililokuwa limeachwa nje hapo awali, na badiliko moja fupi lenye uzito mkubwa. Mwaka 1977, Han Solo, mfanya magendo aliyeketi mezani na Greedo aliyekuja kumkamata, anafyatua silaha peke yake na kumuua. Mwaka 1997 Greedo anatangulia kufyatua, anamkosa mtu aliye mbele yake palepale mezani, kisha Han anajibu. Mtu asiyejali ila nafsi yake anageuka kuwa mtu aliyejitetea, na uamuzi wake wa kurudi vitani mwishoni kuwaokoa wenzake unapoteza sehemu ya maana yake, kwa kuwa umbali aliousafiri moyoni umefupishwa.

Tungeweza kulijadili badiliko hilo kwa haki laiti matoleo yote mawili yangekuwa mbele yetu. Sivyo ilivyotokea. Vipande vipya viliunganishwa kwenye negativu yenyewe ya asili, vya zamani vikatolewa. Kampuni ya Lucasfilm baadaye ilieleza kwamba negativu hizo zimebadilishwa kwa kudumu. Toleo la awali liliporuhusiwa kwenye DVD mwaka 2006, lilikuwa nyongeza tu, lililotolewa kwenye kanda iliyotayarishwa mwaka 1993 kwa ajili ya diski za leza.

Machi 1988 Lucas mwenyewe alifika mbele ya wabunge wa Marekani kuwapinga wamiliki waliokuwa wakizitia rangi filamu za nyeusi na nyeupe. Alitetea maslahi ya umma katika kazi za sanaa, akayaweka juu ya maslahi mengine yote. Mwaka huohuo sheria ya kuhifadhi filamu ikapitishwa, na mwaka 1989 Star Wars ikawa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa katika Sajili ya Taifa ya Filamu. Watetezi wake husema alikuwa akiwalinda watunzi dhidi ya wenye mali. Kisheria jibu hilo lina nguvu. Kimantiki halisimami, kwa sababu maslahi yaliyo juu ya yote hayapungui eti mkono unaokata ni wa mtunzi. Tena mtunzi yupi? Filamu ya 1977 ilipata Oscar kwa uhariri wa Marcia Lucas, Paul Hirsch na Richard Chew, na nyingine kwa athari za kuona. Baadhi ya picha za mafundi hao waliotuzwa ndizo zilizobadilishwa.

Wengine walifanya vingine. Steven Spielberg alipoigeuza filamu yake E.T. mwaka 2002, akazifanya bunduki za maafisa wa serikali kuwa redio za mkononi, toleo la 1982 lilitoka pamoja na jipya kwenye DVD. Alipokuja kujutia uamuzi huo, alikuwa na pa kurudi. Filamu ya Touch of Evil ilihaririwa upya mwaka 1998 kwa kufuata waraka wa kurasa 58 aliouandika mwongozaji wake, Orson Welles, na toleo la maadhimisho la 2008 likakusanya matoleo matatu. Wahariri wa tendi zetu wanaijua nidhamu hii: miswada ikitofautiana, mhariri huchagua usomaji mmoja na kuuonyesha ule aliouacha, ili msomaji apate kumpinga.

Pingamizi kwamba kulirudisha toleo la awali ni gharama kubwa mno silipi uzito mkubwa. Juni 2025 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilionyesha London nakala ya 1977 yenye rangi ambazo hazijafifia, na Lucasfilm imetangaza kulirudisha toleo hilo sinema mwaka 2027, filamu itakapotimiza miaka 50. Lililosemwa kuwa haliwezekani lilihitaji nia tu. Hata hivyo nia ya kampuni hubadilika. Ni sheria za sajili na hifadhi za umma zinazopaswa kudai nakala kamili ya toleo la kwanza kabla mkasi haujaigusa negativu, awe anayeushika ni mmiliki au mwongozaji mwenyewe.