Lete Wino na Karatasi

Sisi wa Shika Adabu jina la mtaa wetu tunalisikia kwa makanga pale feri kutwa, na nyumbani tunalisikia kwa wazazi, tena bila nauli. Kwa hivyo hii ya leo inatuhusu.

Mwana Kupona binti Mshamu. Shuleni wengi wetu tuliambiwa ni yule bibi wa zamani aliyemfunza bintiye kumtii mume, basi. Wasichana wakanuna, wavulana wakacheka, kengele ikalia. Lakini utendi wake una beti zaidi ya 100, na zile za mwanzo hazina mume ndani.

Mwanzo ni mama mgonjwa. Mwaka ni 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu kisiwani Pate, ameshakufa. (Siyu si mchezo, ndio mji uliomtoa jasho Seyyid Said wa Zanzibar miaka ya 1840.) Mama anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Halafu anamwambia kitu kilichonisimamisha: kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na hajapata nafasi ya kumwambia neno la maana.

Mwaka mzima! Si ndio sisi? Unaishi na mamako chumba na sebule, mnaongea maji, stima, "jana umerudi saa ngapi", na lile neno lenyewe halitoki. Likitoka, linatoka kama amri. Mwana Kupona vilevile: kwanza shika dini, pili adabu (naam, adabu ni ya pili), tatu ukweli. Ndipo anafika kwa mume, na hapo anakaa sana.

Hayo ya mume mimi siyakubali. Mwanamke mwenye elimu ya kutunga hivyo, kumwambia bintiye pepo yake iko kwenye radhi ya mume, inaniuma. Ila yeye mwenyewe nasaha zake aliziita hirizi. Mjane, mgonjwa, hana muda. Alimfunga mtoto kinga aliyoijua. Alikufa karibu mwaka 1860.

Ninayemtafuta ni Mwana Hashima. Beti zote hizo anaambiwa tu, hajibu hata moja. Nilipoacha chuo kikuu mamangu alinisema wiki mbili, nami kimya, manake kwetu kumjibu mzazi ni kukosa adabu. Ningependa kujua yule msichana alitaka kusema nini, na wino alikuwa nao mkononi.